Kuisoma damu kupitia ngozi: mwongozo kamili wa vihisi vya mwilini

Saa tisa usiku kifaa cha kupima oksijeni ya damu kilichobana kidole cha mama kiliandika 84. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, tayari kuita gari la wagonjwa. Kabla sijabonyeza, mama akaniambia kwa sauti yake ile ile ya kila siku, "Mwanangu, mbona unahangaika hivyo? Mimi napumua vizuri." Nikamshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi kabisa. Nikavifunika kwa viganja vyangu, nikavisugua taratibu mpaka vikapata joto, kisha nikakirudisha kifaa kwenye kidole cha kati. 95. Mawimbi kwenye kioo, ambayo mwanzoni yalikuwa yakitetemeka ovyo, sasa yalipanda na kushuka sambamba na mapigo niliyoyahisi kwenye kifundo cha mkono wake.

Tangu usiku ule namwangalia mgonjwa kwanza, kisha mawimbi, kisha nambari. Vihisi vya ngozini vimeingia majumbani kwa kasi: vya kubana kidole, vya kuvaa mkononi kama saa, vya kubandika begani. Vinasaidia sana, lakini vyote vinakisia kilichomo ndani ya damu kwa kuangalia kutoka nje, na aliyevivaa asipojua vinakisiaje atatishika bure au atatulia pasipo pa kutulia. Hilo la pili ndilo linaloua.

Mwanga unaionaje damu

Weka tochi nyuma ya kidole chako gizani. Kidole kitang'aa chekundu. Kazi yote ya oksimita, kile kifaa cha kidole, inaanzia hapo. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu, na rangi yake hubadilika kulingana na mzigo wake: ikibeba oksijeni huwa nyekundu angavu, ikishaitua huwa nyekundu iliyokolea. Oksimita ina taa mbili, moja nyekundu ya nanomita 660 na nyingine ya infraredi ya nanomita 940 hivi, ambayo macho hayaioni. Himoglobini iliyokosa oksijeni hufyonza zaidi ile nyekundu. Iliyobeba oksijeni hufyonza zaidi infraredi. Ng'ambo ya kidole kuna kipokeo kinachopima mwanga uliosalia, na uwiano wa taa hizo mbili ndio unaogeuzwa kuwa asilimia.

Lakini mwanga huo unapita pia kwenye ngozi, mfupa, nyama na damu ya vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni. Utatenganishaje? Jibu lilitoka kwa Takuo Aoyagi, mhandisi Mjapani wa kampuni ya Nihon Kohden, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akipima jambo jingine kwa mwanga kwenye sikio, na mdundo wa mapigo ukawa unamharibia vipimo. Alipokuwa akitafuta namna ya kuufuta, akang'amua kwamba kinachodunda ni damu ya ateri tu. Ukichukua sehemu inayodunda na kuacha isiyodunda, umeipata damu inayotoka moyoni. Kazi yake aliitangaza mwaka 1974.

Sehemu inayodunda ni ndogo mno, mara nyingi asilimia moja au mbili tu ya mwanga wote unaofika kwenye kipokeo. Likumbuke hili kila unapopima. Kidole kikitikisika, kikiwa cha baridi, au jua likichungulia pembeni, kile kidogo kinazama na kifaa kinabaki kubahatisha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: jedwali la kugeuza uwiano kuwa asilimia lilitengenezwa kwa kuwapa watu wenye afya hewa yenye oksijeni pungufu, huku damu yao ikichukuliwa na kupimwa maabara. Kwa usalama wao, hawashushwi chini ya asilimia 70 hivi. Kwa hiyo oksimita ikiandika 62, jua tu kwamba hali ni mbaya. Usibishane kama ni 62 au 66.

Anza na swali, kifaa kitafuata

Kabla ya kununua chochote, andika kwenye karatasi unachotaka kujua. Ukitaka kujua kama mapafu yanapeleka oksijeni ya kutosha, tafuta oksimita ya kidole. Ukitaka kujua kama moyo unadunda kwa mpangilio, saa yenye elektrodi za kupima umeme wa moyo itakufaa. Sukari ya mgonjwa wa kisukari ina kibandiko chake, ambacho kwa kweli hutoboa ngozi kidogo, nitakieleza mbele. Presha ina mashine ya kubana mkono wa juu. Zipo saa zinazodai kupima presha kwa mwanga, lakini nyingi huhitaji kusawazishwa mara kwa mara na mashine hiyo hiyo ya mkono, kwa hiyo bado utaihitaji.

Sasa usikilize sana hapa. Saa au pete inayopima sukari ya damu kwa mwanga tu, bila kutoboa, usiinunue. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo la wazi: haijaidhinisha saa wala pete hata moja inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu anayejichoma insulini kwa kufuata saa ya namna hiyo anaweza kuanguka na kupoteza fahamu siku ile ile. Glukosi haina rangi ya kuitofautisha kama himoglobini, na dalili yake kwenye mwanga humezwa na maji, mafuta na protini za ngozi.

Si kwamba watu hawajajaribu. Mwaka 2001 FDA iliidhinisha GlucoWatch, saa iliyopitisha umeme mdogo kwenye ngozi na kuvuta glukosi kutoka kwenye majimaji yaliyo chini yake. Ilifanya kazi kwa kiasi, lakini ilitaka saa kadhaa za kujiandaa, iliwasha na kuunguza ngozi za wengi, na jasho liliiharibia vipimo. Ikatoka sokoni. Anayekuuzia saa ya bei rahisi na kudai kwamba imepima sukari, mafuta ya damu na asidi ya yuriki kwa pamoja, anakuuzia nambari za kubuni.

Kupima oksijeni, hatua kwa hatua

1. Mpumzishe mgonjwa dakika tano akiwa ameketi, mgongo umeegemea. Aliyetoka kupanda ngazi atakupa nambari ya ngazi.

2. Ondoa rangi ya kucha na kucha za bandia. Rangi nyeusi, ya bluu na ya kijani ndizo zinazosumbua zaidi. Kama haiondoki, geuza kifaa kikae ubavuni mwa kidole, au tumia kidole kingine.

3. Upashe mkono joto. Usugue, ukunje na kukunjua vidole, au uutumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kisha ukaushe. Hatua hii peke yake hutibu zaidi ya nusu ya nambari mbaya nilizowahi kuziona nyumbani.

4. Chagua kidole cha kati au cha shahada. Kiingize mpaka ncha iguse mwisho wa kifaa, kucha ikitazama juu. Usipimie mkono ambao juu yake umefungwa mashine ya presha: ikijaa, inakata damu na nambari inaporomoka.

5. Mkono uulaze kifuani au mezani, usawa wa moyo. Asiongee, asicheke, asitikisike. Kama kuna jua kali au taa kali, funika kifaa kwa kitambaa.

6. Subiri dakika nzima. Kifaa huchukua wastani wa sekunde kadhaa, tena damu yenyewe huchelewa kufika kidoleni kutoka mapafuni.

7. Angalia mawimbi au nguzo inayopanda na kushuka. Yawe sawasawa, yanayofanana. Kisha shika mshipa wa kifundo cha mkono na uhesabu mapigo kwa sekunde 30, uzidishe mara mbili. Ikiwa kifaa kinasema mapigo 120 na wewe umehesabu 78, asilimia ya oksijeni iliyoandikwa pembeni usiiamini.

8. Nambari ikitulia kwa sekunde tano bila kubadilika, iandike pamoja na saa, mapigo, na mgonjwa alikuwa akifanya nini. Kama anatumia oksijeni ya mtungi, andika na lita.

Vifaa vingi vina nambari ndogo iliyoandikwa PI. Hiyo ni nguvu ya mdundo: ni asilimia ngapi ya mwanga inadunda ukilinganisha na isiyodunda. Huanzia karibu na sifuri mpaka 20 hivi. Mimi nikiiona chini ya 0.5, narudi hatua ya tatu kabla ya kuandika lolote.

Yote haya ni kwa mgonjwa aliyetulia. Mtu anayehema kwa shida, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi, amechanganyikiwa au ana maumivu ya kifua, usimkalie na beseni la maji ya uvuguvugu. Mpeleke hospitali, na kifaa utakitazama njiani.

Kuisoma nambari

Mtu mwenye afya, kwenye ukanda wa chini, huwa kati ya 95 na 100. Milimani hushuka kwa kuwa hewa ni nyepesi. Wagonjwa wa baadhi ya magonjwa sugu ya mapafu hupangiwa na daktari kiwango cha 88 hadi 92, na kuwaongezea oksijeni mpaka wafike 98 kunaweza kuwadhuru. Kwa hiyo muulize daktari swali hili kwa maneno haya: "Kwa mgonjwa huyu, nambari yake ya kawaida ni ipi, na ikifika ngapi nimlete?" Jibu liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kwa nini 90 inaogopwa? Himoglobini haiachi oksijeni kwa mwendo mmoja. Kutoka 100 mpaka 90 mteremko ni wa taratibu, mwili unastahimili. Ikifika 90, shinikizo la oksijeni kwenye ateri ni kama milimita 60 za zebaki, na kutoka hapo mteremko unakuwa mkali: hewa ikipungua kidogo tu, asilimia inaporomoka sana. Ndiyo maana kutoka 91 mpaka 88 kunatisha kuliko kutoka 99 mpaka 96, ingawa zote ni tatu. Kwa mtu asiye na ugonjwa sugu, mimi nikiona 92 au 93 zinazobaki hapo hapo baada ya kupima vizuri, nampigia mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Chini ya hapo tunaondoka.

Tena oksimita inapima asilimia ya himoglobini iliyopakia, haipimi himoglobini iko kiasi gani. Fikiria mji unaohitaji mabasi mia. Yakibaki mabasi arobaini, yote yamejaa pomoni, mlinzi wa kituo ataandika "yamejaa asilimia mia" na atakuwa amesema kweli, huku watu wengi wamekwama barabarani. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuonyesha 99 na kuishiwa nguvu akivuka chumba.

Moshi ni hatari zaidi. Aliyelala kwenye chumba chenye jiko la mkaa au jenereta huvuta kabonimonoksidi, gesi inayong'ang'ania himoglobini na kuipa wekundu ambao oksimita ya kawaida inaudhania kuwa oksijeni. Kifaa kitasoma 98 kwa mtu anayekufa. Hapo usipime: mtoe nje kwenye hewa safi na ukimbilie msaada.

Ngozi nyeusi na nambari inayozidi

Hili ni letu wengi, na naliandika kwa uchungu kwa sababu lilijulikana mapema na likaachwa kwa miaka mingi. Melanini, rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, hufyonza mwanga. Kwa nadharia, kwa kuwa melanini haidundi, ingetolewa kwenye hesabu na mambo yakaisha. Kwa vitendo haitoki yote, na oksimita huelekea kumpa mwenye ngozi nyeusi nambari kubwa kuliko ile halisi.

Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kwenye jarida la New England ulinganisho wa oksimita na damu ya ateri iliyopimwa maabara kwa muda ule ule. Waliwaangalia wagonjwa ambao kifaa kiliwapa 92 hadi 96, nambari za kumtuliza mtu. Miongoni mwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo vilikuwa na oksijeni halisi chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Karibu mara tatu. Mtu wa namna hiyo anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu kifaa kimesema yuko salama.

Mwongozo wa FDA wa mwaka 2013 uliwataka watengenezaji wajaribu vifaa kwa watu wasiopungua kumi, na angalau wawili tu kati yao wawe na ngozi nyeusi. Januari 2025 ilitoa rasimu mpya inayotaka washiriki wengi zaidi na ngozi za rangi mbalimbali. Vifaa vilivyomo majumbani mwetu leo ni vya enzi ya kanuni ya zamani.

Ufanye nini basi? Kwanza, ipime nambari yako ukiwa mzima. Asubuhi na jioni, siku saba, uandike. Hiyo ndiyo nambari yako. Pili, siku ukiugua, ogopa anguko kuliko nambari yenyewe: aliyezoea 98 akashuka mpaka 94 ameshuka pointi nne, hata kama kipeperushi cha kifaa kinasema 94 si mbaya. Tatu, kama unahema kwa shida na kifaa kinasema 95, mwamini anayehema. Nne, ukiwa hospitali na hali haieleweki, una haki ya kuuliza kama kipimo cha gesi za damu ya ateri kinahitajika. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Kibandiko cha sukari

Kibandiko hiki huitwa kisichotoboa, na si kweli. Chini yake kuna uzi laini, wenye urefu wa milimita chache, unaoingia chini ya ngozi na kukaa humo siku 10 hadi 15 kutegemea aina. Uzi huo umepakwa kimeng'enya, mara nyingi glukosi oksidesi, kinachoitikia glukosi na kutoa umeme mdogo unaopimwa. Haugusi damu, unagusa majimaji yaliyo kati ya seli. Sukari hufika humo baada ya kutoka kwenye damu, kwa hiyo kibandiko kinachelewa dakika 5 hadi 15. Sukari ikiwa imetulia, hutaona tofauti. Ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, unatazama ilipokuwa, si ilipo.

Kukibandika, fuata kipeperushi cha kifaa chako kuhusu sehemu ya mwili. Vingi huwekwa nyuma ya mkono wa juu. Osha kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, kausha, futa kwa spiriti na uiache ikauke yenyewe mpaka ngozi isiwe na ubaridi wa spiriti. Spiriti ikiwa mbichi gundi haishiki. Epuka kovu, chale, mfupa, na mahali mkanda au mshipi wa nguo unapopita. Ukishabandika, kandamiza pembezoni kwa kidole sekunde kama thelathini kuzunguka duara lote. Kibandiko kinachofuata kiweke upande mwingine.

Kifaa hujipasha kati ya dakika 30 na saa mbili kabla ya kutoa nambari, na siku ya kwanza huwa na makosa zaidi. Usiku, ukikilalia, majimaji yanasukumwa pembeni na kengele italia kwamba sukari imeshuka. Geuka, subiri, angalia tena. Lakini kama kengele imelia na unatoka jasho, unatetemeka, au akili inakuwa nzito, usianze kuchunguza nani amemlalia nani: pima kwa kitone cha damu kidoleni mara moja, na kama huna cha kupimia, kunywa kitu chenye sukari, gramu 15, uangalie hali yako tena baada ya dakika 15.

Kitone cha damu kipime pia kila nambari isipolingana na unavyojisikia, na kila unapotaka kujichoma insulini wakati mshale wa kifaa unaelekea juu au chini kwa kasi. Kuna dawa zinazokidanganya: baadhi ya vibandiko hupandishwa na parasetamoli ya dozi kubwa, vingine na vitamini C nyingi, na haidroksiyurea, dawa ya wagonjwa wa selimundu, huweza kuvipandisha baadhi kwa kiasi cha kuficha sukari iliyoshuka. Soma kipeperushi chako na umwambie mfamasia unavaa kifaa gani.

Lengo kwa watu wazima wengi wenye kisukari ni sukari kukaa kati ya 70 na 180 kwa kipimo cha mg/dL, yaani 3.9 hadi 10.0 kwa kipimo cha mmol/L, kwa asilimia 70 ya siku au zaidi. Kipimo kimoja cha 190 kisikunyime usingizi. Angalia wiki nzima.

Saa na mpangilio wa moyo

Taa ya kijani nyuma ya saa humulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Damu hufyonza kijani vizuri, kwa hiyo kila pigo linaonekana. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ibane kiasi cha kutoteleza bila kuacha alama. Chale nyeusi chini ya taa huweza kuizuia kabisa.

Saa yenye elektrodi hupima umeme wa moyo: keti, mkono mezani, ngozi kavu, gusa elektrodi kwa kidole cha mkono wa pili sekunde 30 bila kutikisika. Inaweza kukamata mpapatiko wa atiria, mdundo wa ovyo unaoweza kusababisha kiharusi. Haikamati shambulio la moyo, hata likiwa linatokea muda huo. Maumivu ya kifua ni ya hospitali.

Saa ikikuonya kwamba mdundo hauna mpangilio, usipuuze na usikate tamaa. Kwenye utafiti wa saa ya Apple uliochapishwa mwaka 2019, kati ya washiriki 419,297, walioonywa walikuwa asilimia 0.52 tu, na kati ya walioonywa wakavaa kipimo cha kifuani na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa na mpapatiko kwenye kipimo hicho. Hifadhi rekodi na umpelekee daktari.

Watoto wachanga

Nyumbani hutapima, lakini utaona wakipima, na ni vizuri ujue cha kuuliza. Kifaa cha kupima umanjano wa mtoto huguswa kwenye paji la uso au kifuani na kusoma kwa mwanga bilirubini, ile rangi ya manjano inayojikusanya mwilini. Kikisoma karibu na kiwango cha kuanza matibabu, damu lazima ipimwe. Na mtoto aliyewekwa chini ya taa za matibabu, ngozi yake imeshapaushwa na taa hizo, kwa hiyo kifaa kinaweza kuonyesha kidogo kuliko kilichomo kwenye damu. Mwenye ngozi nyeusi mwangalie weupe wa macho na ufizi mchana, karibu na dirisha, usitegemee mashavu.

Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi utaona kihisi kidogo chenye waya kifuani mwa mtoto, kinachoacha duara jekundu kikihamishwa. Hicho kinapasha ngozi mpaka nyuzijoto 42 hadi 44 ili gesi za damu zipenye na kupimwa. Kinahamishwa kila baada ya saa chache kisiunguze. Ukiona hakijahamishwa muda mrefu, mwambie muuguzi.

Kucha na sekunde mbili

Kipimo cha mzunguko wa damu kisichohitaji betri: inua mkono usawa wa moyo, bonyeza ukucha kwa sekunde tano mpaka upauke, uachie, uhesabu. Kwenye chumba chenye joto la kawaida wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Kwa wazee huchelewa kidogo. Ukichelewa zaidi, na vidole ni vya baridi huku mwili una homa, mzunguko una shida. Oksimita itakuwa inasumbuka pia, na safari hii kuusugua mkono hakutoshi.

Ngozi chini ya gundi

Ukivua kibandiko, mwaga mafuta kidogo pembezoni, vuta taratibu sambamba na ngozi, usikwanyue kwenda juu. Wekundu unaokwisha ndani ya siku moja ni wa kawaida. Malengelenge, usaha au mwasho unaotambaa kuvuka mpaka wa gundi ni mzio au maambukizi: pumzisha sehemu hiyo na umwonyeshe mhudumu.

Daftari

Walau mara moja, ukienda kliniki, beba kifaa chako na uombe kipimwe sambamba na chao, kidole hiki na kidole hiki, dakika ile ile. Tofauti utakayoiona iandike kwenye jalada. Betri ikianza kuisha, badilisha kabla ya kutilia shaka afya yako.

Ukurasa wa daftari la mama ulikuwa hivi, na muuguzi wa zamu aliusoma kwa nusu dakika akajua pa kuanzia:

Jumatatu, saa 1 asubuhi. 95, mapigo 76, PI 2.1. Ameketi, hana oksijeni ya mtungi.
Jumatatu, saa 2 usiku. 94, mapigo 80, PI 1.8. Ameketi.
Jumanne, saa 1 asubuhi. 91, mapigo 98, PI 1.9. Mkono wa joto, mawimbi sawa, nimerudia mara tatu. Anasema amechoka. Amekula nusu.
Jumanne, saa 2 asubuhi. 90, mapigo 102, PI 1.7. Tunatoka.